Betri Nane za Mjomba Ladislaus

Newala,
13 Septemba 1998

Kaka Amon,

Shikamoo. Nitakayokuandikia humu sijamwambia mtu yeyote. Si Dina, si padri. Kwa padri nilipanga foleni ya maungamo Jumamosi mbili, na mara zote mbili nikatoka kwenye mstari kabla sijafikiwa. Ila nianze inavyopaswa. Sisi huku tunapumua. Mafua yalinipata yakaniacha, mjomba anakula kidogo, mikorosho imeshika vizuri mwaka huu. Wewe je? Kifua kimekuachia? Huko Masasi joto limeanza?

Basi.

Mashine ya maji ya bondeni imekufa, na aliyeiua ni mimi.

Najua habari imekufikia kwa namna nyingine. Wamekwambia mjomba Ladislaus kaharibu pampu ya watu kwa vitu vyake vya kuungaunga. Ngoja nikueleze ilivyokuwa, maana ulipoondoka mwezi wa tatu kazi ilikuwa haijafika popote.

Unakumbuka radi ilivyopiga sanduku la mashine. Vingine vyote vilipona, ikafa ile chipu moja, ndogo, yenye miguu ishirini, inayoiambia pampu washa, tangi tupu, na zima, kisima kimepungua. Yule mzungu aliyelitengeneza sanduku alishakwenda kwao, alichoacha ni disketi yenye maelezo ya chipu. Mjomba akasema chipu tupu zinapatikana Dar, kinachokosekana ni chombo cha kuziandika, na chombo hicho tutakitengeneza wenyewe. Wewe ukacheka, mkagombana, ukapanda basi.

Alikimaliza, kaka. Amekiita kichomeo. Ni ubao mdogo wenye soketi ya chipu, waya mmoja unaokwenda nyuma ya ile kompyuta kuukuu, pale printa inapochomekwa, na betri nane za redio mgongoni. Alitaka betri kwa sababu umeme wetu unacheza, na chipu inapochomwa, yaani inapoandikwa, inahitaji volti kumi na mbili zisizotikisika. Chipu zikaja mbili tu. Akanunua betri mpya nane, akazifunga, akasema tutachoma Jumatatu.

Jumamosi kabla ya hiyo Jumatatu, tarehe moja Agosti, mdogo wake Dina alikuwa anatolewa unyago. Ijumaa Dina, si unajua tunasoma naye, alinifuata shuleni. "Agatha, kwenu si mna ile redio kubwa ya kaseti? Ya kwetu imemeza kanda."

Kaka, unanijua nilivyo. Mwalimu akiniuliza kwa Kiingereza jibu ninalo, akiniuliza kwa Kiswahili jibu ninalo, ila mdomo haufunguki kwa lugha yoyote. Tangu nianze sekondari hakuna aliyewahi kunihitaji kwa kitu. Nikasema ninayo. Redio haikuwa na betri. Nikazitoa za kichomeo.

Siku ile walikuwa wananiita kwa jina. "Agatha, geuza kanda! Agatha, ongeza sauti, huku nyuma hatusikii!" Mama Dina alinikalisha kwenye mkeka wa wakubwa, akanipa paja la kuku, akawaambia wageni, "Huyu ndiye mwenye muziki." Nilicheza, kaka. Mimi.

Jua lilipoinama redio ikaanza kuburuta sauti kama mbuzi mwenye homa. Jumapili baada ya misa nikazianika betri juu ya bati la jiko kutwa nzima, kama tunavyofanya siku zote, kama bibi alivyotufundisha. Jumatatu asubuhi nikazipima kwa mita ya mjomba. Kila moja volti moja na nusu, zote pamoja kumi na mbili. Nikashangilia. Nikazirudisha mahali pake. Mjomba naye akapima, akasema, "Safi, kumi na mbili kamili," akachoma. Kompyuta ikaandika kwamba chipu imekubali. Mjomba alinipa mkono kama mtu mzima mwenzake.

Maji yalipanda siku kumi na tisa. Siku ya ishirini chipu ikasahau. Kisima kilipungua, pampu haikuambiwa izime, ikasaga kavu tangu asubuhi mpaka mota ikaungua. Moshi ulionekana mpaka huku juu.

Na hapa ndipo pabaya zaidi. Jioni ile ile nilichukua hela ya madaftari, nikanunua betri mpya nane, nikaziweka kwenye kichomeo. Mjomba alipokifungua kutafuta kosa akakuta kila kitu kizima. Tangu siku hiyo anakagua. Amefuata kila waya, amelehemu upya kila mguu wa soketi, amekesha na mchoro. Hakuna kosa. Hawezi kuliona, kwa sababu niliondoka nalo mimi.

Kaka, inawezekana isiwe betri? Kama inawezekana niambie. Na tafadhali usimwandikie yeye.

Mdogo wako,
Agatha


Masasi,
24 Septemba 1998

Mdogo wangu Agatha,

Marahaba. Mimi mzima, kifua kimebaki kikohozi cha asubuhi tu. Joto limeanza, na vumbi, na wanunuzi wa korosho, kila mmoja na mizani yake na simu yake ya mkononi isiyoshika. Hapa dukani nachapa barua za watu kutwa. Juzi nimemchapia mtu barua ya posa, akanifokea kwa nini nimeweka nukta mwishoni, anasema inaonekana kama amechoka. Barua yako ilifika imekunjamana, naona kuna mtu aliikalia kwenye basi tangu Newala, na hakuwa mtu mwembamba.

Ulicheza? Hilo ndilo nimelisoma mara mbili.

Sasa sikiliza, na usilie kabla ya wakati. Ubovu wa chombo kama kile unaweza kuwa popote. Waya wa printa ukiwa mrefu kupita kiasi unaleta matatizo, nami ndiye niliyempa mjomba ule waya, ni mrefu kama kamba ya ng'ombe. Soketi inaweza kuwa imelegea. Chipu yenyewe inaweza kuwa mbovu toka dukani. Siku hizi Dar inaingia kila takataka, biashara huria. Kwa hiyo kwanza tujue.

Hizo betri za ngoma umezitupa? Ninavyokujua hujazitupa. Mita ikipima betri isiyofanya kazi haikuelezi kitu. Betri iliyoanikwa ni kama mgonjwa aliyeketi kwenye mkeka, ukimwuliza hujambo atakujibu sijambo. Mtwike gunia ndipo utajua. Tafuta balbu ya nyuma ya pikipiki, ya volti kumi na mbili. Zipange betri zote nane, funga balbu, na upime balbu ikiwa inawaka. Halafu fanya hivyo hivyo na zile mpya. Zikishuka sawasawa, umelia bure, na mimi nitakuja kumwomba mjomba radhi kwa ule waya.

Nisingeweza kumwandikia hata kama ungeniruhusu. Siku ile nilimwambia kichomeo chake ni mchezo wa watoto, na kwamba ametoka kiwandani akiwa fundi umeme, asijifanye mhandisi. Mtu aliyetulea tangu mama atutoke. Nikimwandikia sasa ataona nimekuja kucheka vizuri.

Mota yenu nimeiona. Imeletwa hapa kusukwa upya nyaya zake zilizoungua, iko kwa fundi jirani na duka letu. Anasema Novemba.

Ila Agatha, hata ikiwa ni waya, mweleze mjomba ulichofanya. Hakupigi. Hajawahi kutupiga.

Kaka yako,
Amon


Newala,
11 Oktoba 1998

Kaka Amon,

Shikamoo. Mwili wangu mzima. Nimefurahi kifua kimekuachia, endelea na majani ya mkaratusi. Barua yako niliisoma chooni, ndipo mahali pekee penye komeo. Mjomba hajambo, ukimtazama kwa mbali.

Nimepima.

Betri zilikuwa ndani ya kopo la maziwa chini ya kitanda. Nilizianika tena kutwa, kaka, ili nisizionee. Alhamisi mjomba alikwenda kuokota korosho, nikaingia karakana nikaurudishia mlango. Bila balbu zilisoma kumi na moja na nusu. Nikafunga balbu. Iliwaka nyekundu, si ya kuangazia kitu, na mita ikaanza kushuka nikiitazama. Kumi. Tisa na nusu. Tisa. Nane na kitu. Nikafunga zile mpya, balbu ikawaka nyeupe na mita ikasogea kidogo ikasimama. Nilirudia mara tatu nikitafuta kosa kwenye kupima kwangu. Nilivuta ule waya wako, nikatikisa soketi. Nilikuwa naomba kosa liwe lako, nisamehe.

Kwa hiyo ile Jumatatu chipu iliandikwa na mkono usio na nguvu. Ilisomeka siku hiyo, ikasomeka siku kumi na tisa, halafu mistari ikaanza kufutika. Mjomba naye amejua kwamba chipu ilisahau, maana ameirudisha kwenye kichomeo akaisoma mwenyewe. Asichojua ni kwa nini.

Mkutano wa maji ulikuwa Jumapili iliyopita. Nilikaa nyuma na wanawake. Mzee Husseni, ndiye mwenyekiti wa kamati ya maji siku hizi, akasema, "Fundi, tueleze kwa maneno ya watu. Hicho chombo chako kibovu?"

Mjomba akasema, "Kizima."

"Hicho kidude chenye miguu?"

"Kilikuja kizima."

"Betri?"

"Nilipima. Nzima."

"Sasa fundi?"

"Sasa nimebaki mimi, mwenyekiti. Nimetafuta kote, nimebaki mimi."

Mwanamke mmoja akapaza sauti, "Basi na wewe wakupeleke Masasi ukasukwe upya pamoja na mota!" Watu wakaangua kicheko. Mjomba naye akacheka. Nilimwona anacheka huku anatafuta pa kuweka mikono.

Betri, aliulizwa betri mbele yangu. Nilikuwa mbali naye kama kutoka mlangoni kwenu hadi barabarani. Nikabaki nimekaa.

Wiki hiyo hiyo Mama Dina aliteleza kwenye mteremko na ndoo kichwani. Nyonga. Walimbeba kwa baiskeli, wakampakia kwenye gari la korosho mpaka hospitali ya misheni Ndanda. Wanawake wote wamerudi kwenye mteremko, kaka, saa kumi na moja alfajiri unasikia ndoo zinagongana. Mwanamke aliyenikalisha mkekani. Nilipokwenda kumpa pole Dina alikuwa anafua. Hakunitazama. Alisema, "Huyo mjomba wako," akaishia hapo, akaendelea kukamua nguo.

Lakini si hayo yanayonitisha. Bibi Perpetua alivyoanza kupotea unakumbuka? Alianza kwa kutia chumvi mara mbili. Mpaka mwisho akawa anamwita mjomba kwa jina la mumewe. Sasa mjomba anaandika kila kitu kwenye daftari. Nimefunga mlango. Nimekunywa dawa. Nimempa Agatha ufunguo. Jana tunakula akaweka tonge chini, akaniuliza, "Agatha, ile Jumatatu nilipima betri, au nadhani tu nilipima?"

"Ulipima, mjomba."

"Ulikuwepo?"

"Nilikuwepo."

"Zilisoma ngapi?"

"Kumi na mbili."

"Una uhakika?"

"Nina uhakika."

Kila neno nililomjibu lilikuwa kweli. Sijawahi kusema uongo mkubwa kama ule.

Nimejaribu kumwambia. Kwa Kiswahili maneno yalikuwa makali mno, kila nikiyaandika nayasikia kwa sauti yake. Nikaandika kwa Kiingereza, karatasi moja, yote, ngoma na kuku na bati la jiko. Kwa Kiingereza ilikuwa kama habari ya msichana mwingine. Nikaiweka ndani ya daftari lake la michoro. Asubuhi akanijia nayo. "Agatha, umesahau kazi yako ya shule humu." Hakuwa amevaa miwani, hakusoma hata mstari. Akanirudishia. Akaniambia mwandiko wangu umekuwa mzuri.

Nifanyeje?

Mdogo wako,
Agatha


Masasi,
19 Oktoba 1998

Agatha,

Marahaba. Ni mzima. Sitazunguka leo.

Mwambie. Usingoje nijibu tena, usingoje mota, usingoje akae vizuri. Mtu anayedhani anapotea akili halali, na asipolala atapotea kweli. Wewe unalo neno moja la kumtibu, na neno lenyewe ni "betri".

Nilitaka nipande basi nije nimwambie mimi. Nimeliweka begi mlangoni, nimeliondoa. Nikimwambia mimi atakuwa ameambiwa na yule aliyemcheka kwamba yule aliyebaki naye alimficha. Atabaki na nani? Ukimwambia wewe ni mtoto wake amekosa, amekiri, yamekwisha.

Mshike mkono kama huwezi kusema. Mwekee kopo la betri mezani. Fanya unavyoweza, lakini mwambie.

Mpe shikamoo yangu. Sema ni ya kweli.

Kaka yako,
Amon


Masasi,
14 Novemba 1998

Mdogo wangu,

Hujambo? Wiki ya nne hii sijaona mwandiko wako. Nawauliza makondakta kila asubuhi mpaka wananikimbia. Uko salama? Mjomba hajambo?

Mota imetoka, imepakiwa leo kwenye lori la saruji. Fundi ameisuka vizuri, nimesimama naye mpaka mwisho. Najua imebaki chipu moja. Mwambie mjomba asiichome kabla hujamwambia.

Niandikie hata mstari mmoja.

Kaka yako,
Amon


Masasi,
1 Desemba 1998

Agatha,

Salamu kwanza. Dereva mmoja ameniambia leo kwamba maji yanapanda Newala tangu wiki iliyopita, na kwamba aliyeichoma chipu si fundi Ladislaus, ni mpwa wake, msichana wa shule. Anasema watu wanakutaja kwa jina.

Ni kweli? Na mjomba je? Dereva anasema karakana imefungwa.

Kaka yako,
Amon


Newala,
6 Desemba 1998

Kaka Amon,

Shikamoo. Nisamehe kimya. Barua zako zote nimezipata. Mvua zimeanza huku, udongo umekuwa mwekundu zaidi, mbaazi zimechipua. Mama Dina amerudi kutoka Ndanda, anatembelea mkongojo. Nakuombea afya. Nimeandika salamu ndefu kwa sababu nikizimaliza itanibidi niandike yanayofuata.

Ni kweli.

Mota ilifungwa Ijumaa tarehe ishirini. Jumamosi mjomba akaketi mbele ya kichomeo, ameishika ile chipu ya mwisho kwa vidole viwili. Akaitazama miguu yake ishirini kama mtu anayehesabu watoto. Akaiweka chini. Akasema, "Choma wewe."

"Mjomba, mimi siwezi."

"Unaweza. Mikono yako haijasahau kitu."

Nilikuwa nimenunua betri nyingine mpya. Nilizichana karatasi mbele ya macho yake makusudi, moja moja, nane. Nilidhani ataniuliza mbona tunabadilisha betri nzima, na hapo ningesema. Hakuuliza. Nikafunga balbu nikapima. Akauliza, "Balbu ya nini?"

Hiyo ndiyo nafasi niliyokuwa naiomba. Aliniletea mwenyewe, mkononi. Nikasema, "Kaka Amon alinielekeza."

"Amon," akasema. "Amon ana akili." Halafu akanisogezea chipu, na nafasi ikapita.

Nikachoma. Kompyuta ikasema imekubali. Tukateremka bondeni, nikaipachika chipu, kidoto chake cha alama upande unaotakiwa, Mzee Husseni akainua swichi. Pampu ikaguruma. Baada ya muda mrefu kidogo mtoto aliyekuwa juu kwenye tangi akapiga kelele kwamba yanaingia. Wanawake walipiga vigelegele mpaka upande wa pili wa bonde ukaitikia. Mzee Husseni akasema, "Kumbe fundi alikuwa amejificha ndani ya sketi ya shule!" Dina akanikumbatia, Dina mwenyewe, mbele ya watu. Mjomba alipiga makofi. Wengine walipoacha yeye alikuwa bado anapiga.

Kisima kilipopungua siku ya tatu pampu ilizima yenyewe. Imewaka tena yenyewe. Leo ni siku ya kumi na sita, lakini najua haitasahau, nimeisoma mara mbili na kila mstari umekaa.

Sasa sikia. Jioni ya ile Jumamosi mjomba aliniita karakana. Alikuwa amepanga vyombo vyake mezani: mita, chuma cha kulehemu, bisibisi zote kwa ukubwa, daftari la michoro. Hakuwa na huzuni, kaka. Alikuwa ametulia, kama mtu aliyetoka kwa daktari na jibu mkononi, hata kama jibu lenyewe ni baya.

Akasema, "Miezi mitatu nilikuwa nataka kujua tu. Sasa nimejua. Ukitafuta ubovu, Agatha, unabadilisha kitu kimoja, vingine vyote unaviacha vilivyo, unatazama. Sisi leo tumefanya kipimo kizuri kabisa. Kichomeo kile kile. Kompyuta ile ile. Chipu ndugu wa ile. Betri mpya kama zile. Tumebadilisha mkono tu. Kwa mkono wangu imekufa, kwa mkono wako imepona."

Akaweka mita kwenye kiganja changu akakifunga.

"Bibi yako alianza na umri huu huu," akasema. "Si kosa la mtu."

Vilibadilika viwili, kaka. Katika dunia nzima tunajua sisi wawili tu kwamba vilibadilika viwili. Nilikuwa nimesimama pale na mita mkononi, na kilichonifunga mdomo, nakuungamia wewe kwa kuwa nimezoea, si woga peke yake. Zamani nilikuwa naogopa. Siku ile nilikuwa bado nasikia vigelegele. Wananiita Fundi Agatha. Nikipita njiani watu wazima wananisimamisha na redio zao, pasi zao. Mwanafunzi mwenzangu ananishikia nafasi kwenye benchi. Nilitaka nibaki nayo kidogo. Siku moja. Halafu wiki. Ndiyo maana hukuona mwandiko wangu. Ningekuandikia nini, kwamba nimemuuza mjomba nikanunua benchi?

Wiki mbili hizi hajagusa waya. Juzi taa ya jikoni ilikatika, akaniita nibadilishe balbu. Balbu, kaka. Mtu aliyewasha kiwanda kizima. Alisimama chini ameshika stuli, ananiangalia mikono, ananiambia taratibu mwanangu, umeme hauna mazoea.

Kesho anaondoka. Anakwenda kwenye shamba la bibi kule Nanganga, akalime huko, anasema mtu wa hali yake anafaa kukaa na jembe, jembe halina la kusahau. Amempa mtu daftari la kamati ya maji alilokuwa akilitunza. Amenipangia nikae kwa Mama Dina mpaka nimalize shule. Lori linakuja alfajiri. Tangu asubuhi nasikia anafunga mizigo, anafungua, anafunga tena, anauliza ukuta kama ameweka panga.

Mimi niko karakana, mlango nimeurudishia. Mvua imekatika sasa hivi. Nilikaa hapa nimwandikie yeye, nikaandika jina lake nikashindwa mstari wa pili, ndiyo nikageuza karatasi nikakuandikia wewe, kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa, kwa kalamu nyeusi, kila kitu kilivyokuwa, ili wa kusoma asome.

Nasikia kandambili zake uani. Anaruka madimbwi. Amesimama kwenye jiko, hapana, anakuja huku. Mkono wangu umekwenda wenyewe kuvuta daftari ufunike, nimeurudisha. Nimeukalia.

Yuko mlangoni. Kaka, anapiga hodi. Kwenye karakana yake mwenyewe anapiga hodi, anangoja nimkaribishe. Karatasi naiacha hapa hapa katikati ya meza, maandishi juu. Nasema karibu